Daktari Mfupi wa Rochester na Hospitali Aliyoikataa

Mama Mkuu Alfred Moes alipomwendea Dakta William Worrall Mayo na wazo la kujenga hospitali, mzee alikataa. Hoja alikuwa nazo. Rochester, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, ulikuwa mji mdogo wa wakulima wa ngano, wakazi wake kama 5,000 hivi. Fedha hazikuwapo. Tena kwa watu wa zama zile hospitali ilikuwa mahali pa kwenda kufia. Mwenye jamaa aliuguzwa kwake; aliyepelekwa hospitali alikuwa fukara au mtu asiye na mtu. Nani angeacha kitanda chake akalale huko?

Sista hakubishana naye. Aliuliza tu itagharimu kiasi gani. Mzee akataja dola 40,000, fedha ambayo katika mji ule ilitosha kufunga mazungumzo. Sista akajibu kwamba itapatikana. Masista wake, ambao kazi yao ilikuwa ualimu, wakaanza kudunduliza: ada za shule, masomo ya muziki, kazi za sindano, na kujinyima mezani. Tarehe 1 Oktoba 1889 Hospitali ya St. Marys ikafunguliwa ikiwa na vitanda 27, na aliyekabidhiwa kuwatibu wagonjwa wake ni yule yule aliyeikataa. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Kutokana na jengo lile la matofali na chumba cha daktari mmoja juu ya duka la dawa imekua Mayo Clinic, taasisi ambayo leo jina lake linajulikana dunia nzima. Yenyewe huhesabu umri wake tangu 1864, na mwaka 2014 iliadhimisha miaka 150. Maadhimisho kama hayo hupenda kumchora mwanzilishi kama mtu aliyeona mbali. Mzee Mayo hakuiona hospitali yake hata ilipoletwa mbele ya macho yake. Sifa yake ilikuwa nyingine: alijua ujuzi wake unakomea wapi, na akifika hapo hakuona haya kumgeukia mwenzake.

Homa iliyomhamisha

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1819 huko Eccles, karibu na Manchester, Uingereza. Inasemekana kemia aliifundishwa na John Dalton, mwanasayansi wa nadharia ya atomu. Akiwa bado kijana alivuka Atlantiki, akapata kazi ya dawa katika hospitali ya Bellevue mjini New York, kisha akaelekea magharibi. Huko Lafayette, Indiana, tunamkuta akishona nguo. Kutoka kwenye cherehani akaingia chuo cha udaktari mjini La Porte, akahitimu mwaka 1850. Mwaka uliofuata alimwoa Louise Abigail Wright.

Kilichomwondoa Indiana ni ugonjwa ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Malaria, ambayo leo tunaihesabu kama mwenzetu wa nyumbani, siku hizo ilikuwa imeyajaa mabonde ya mito ya Marekani. Kila msimu ilimrudia daktari: baridi, kutetemeka, jasho, kisha siku za kujikokota. Mwaka 1854 uvumilivu ukamwishia. Husimuliwa kwamba alifunga farasi kwenye gari, akaapa kuendesha mpaka apone au afe, akashika njia ya kaskazini. Alipofika Minnesota, nchi ya baridi kali, homa ikamwacha. Akarudi kumchukua mkewe.

Walikaa hatimaye Le Sueur, kijiji kando ya Mto Minnesota. Mwaka 1859 alijenga nyumba kwa mikono yake, na chumba cha juu akakifanya cha kutibia. Alikuwa mfupi, na watu wakamwita Daktari Mdogo. Udaktari peke yake haukumlisha, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache na wengi wao walikosa cha kumlipa. Kwa hiyo alilima, akaendesha kivuko, akawa hakimu wa kesi ndogo ndogo, hata gazeti akajaribu kutoa. Akiitwa mbali, Louise ndiye aliyepokea wagonjwa mlangoni. Daktari wa mji mdogo alijikuta kiongozi kabla hajapigiwa kura yoyote: ndiye anayejua kusoma mkataba, ndiye anayeingia kila nyumba, na ndiye anayeamshwa usiku mtoto anapozaliwa au mtu anapokata roho.

Mifupa iliyokuwa ya mtu

Agosti 1862 vita vilizuka katika bonde lile. Watu wa Dakota walikuwa wamesukumwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi yao wenyewe, malipo waliyoahidiwa katika mikataba yakachelewa, na njaa ikawashika huku maghala ya chakula yakiwa yamefungwa. Walowezi walipokimbilia mji wa New Ulm, Dakta Mayo alikwenda huko kutibu majeruhi. Huko Le Sueur, Louise alijaza wakimbizi nyumbani na bandani. Inasimuliwa kwamba wanawake walivaa nguo za waume zao na kupita huku na huku wakibeba zana za shambani, ili anayetazama kutoka mbali adhani kijiji kina walinzi.

Vita vilipokwisha, Wadakota 303 walihukumiwa kifo katika mashauri ya haraka haraka. Rais Abraham Lincoln akapunguza orodha, na tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wakanyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Hakuna siku nyingine ambayo serikali ya Marekani imenyonga watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Usiku huo huo madaktari wa sehemu zile walilifukua kaburi la pamoja na kugawana maiti kwa ajili ya masomo. Mayo alipata mwili wa Marpiya te najin, jina ambalo maana yake ni Asimamaye Mawinguni. Walowezi walimwita kwa jina la kumdhihaki kovu la puani.

Daktari alichambua mwili huo, akasafisha mifupa, akaihifadhi ndani ya chungu cha chuma. Wanawe wawili walipokua, mifupa ile ndiyo waliyojifunzia. Walishika paja, wakahesabu mbavu, wakataja majina mpaka yakakaa kichwani. Kwa miaka mingi jambo hili lilisimuliwa katika historia ya familia kama kisa cha baba mwenye bidii ya kufundisha. Aliyekuwa mwenye mifupa hiyo hakuombwa idhini, wala ndugu zake hawakuulizwa.

Nyumba rehani kwa ajili ya hadubini

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea kati ya kaskazini na kusini, serikali ilimteua Mayo mwaka 1863 kupima afya za vijana wanaoandikishwa jeshini. Kituo chake kilikuwa Rochester. Mji ulimpendeza, na Januari 1864 familia ikahamia. Alitangaza gazetini kwamba anapatikana juu ya duka la dawa la Union. Mwaka huo huo reli ilifika mjini, na hiyo, bila yeye kujua, ilikuwa nusu ya bahati ya taasisi: kwa reli ngano ilitoka, na kwa reli wagonjwa wangekuja kuingia.

Katika mji mpya daktari hakuwa mtulivu. Alisafiri hadi New York na Pennsylvania kukaa kando ya meza za madaktari bingwa na kuwatazama wakipasua. Alirudi akiwa na hamu ya hadubini ya kisasa aliyoiona huko, chombo ambacho madaktari wengi wa vijijini hawakuona kina faida gani. Bei yake ilikuwa dola 600. Fedha hakuwa nayo. Nyumba alikuwa nayo. Alimweleza Louise, wakaiweka nyumba rehani, hadubini ikanunuliwa, na deni likawachukua miaka mingi kulilipa.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mke wa daktari mwenye watoto anakubali paa lake liwekwe dhamana kwa ajili ya kioo cha kutazamia vipande vya nyama. Daktari mwenyewe hakuwa na hakika kitamlipa. Alichojua ni kwamba kuna uvimbe unaoua na uvimbe usioua, na kwamba macho yake matupu hayakuweza kuutofautisha. Mwaka 1880 aliondoa uvimbe wa ovari, upasuaji ambao wakati huo madaktari wengi waliuogopa, na mgonjwa akapona.

Wakati huo wenzake walikwisha kumchagua, mwaka 1873, kuwa rais wa chama cha madaktari wa Minnesota. Wananchi nao wakamtwika yao: udiwani, bodi ya shule, umeya mwaka 1882, na baadaye kiti cha useneta katika bunge la jimbo kuanzia 1891 hadi 1895. Hakuwa mwanasiasa wa kupendwa na wote. Alikuwa na ulimi, na aliwashambulia waziwazi wenye mashirika makubwa kwa niaba ya wakulima. Lakini mtu aliyekuzalisha mkeo na kukuunga mfupa wa mguu, hata ukimchukia kwenye mkutano wa hadhara, unampa kura yako.

Wanawe, William aliyezaliwa 1861 na Charles aliyezaliwa 1865, hawakukumbuka siku waliyoamua kuwa madaktari. Walikuwa wakishika hatamu za farasi baba anapokwenda kuona wagonjwa, wakifagia chumba, wakishika taa. Husimuliwa kwamba Charles alikuwa bado mtoto alipochukua chupa ya nusukaputi mkononi mwa daktari msaidizi aliyezimia katikati ya upasuaji, akaendelea kumlaza mgonjwa hadi mwisho. Walipokwenda vyuoni, William Michigan na Charles Chicago, walikuwa wanatafuta cheti cha kazi waliyokwisha kuianza.

Jioni ya kimbunga

Tarehe 21 Agosti 1883, William alikuwa amerudi na shahada yake majuma machache tu yaliyopita. Jioni hiyo ndugu hao wawili walipanda gari la farasi kuelekea machinjioni kutafuta kichwa cha mnyama, wapate macho ya kujifunzia upasuaji. Anga ikageuka rangi. Wakageuza farasi kurudi mjini, na muda mfupi baada ya kuvuka daraja, daraja likang'olewa nyuma yao.

Kimbunga kilipita upande wa kaskazini wa Rochester kwa dakika chache tu. Watu 37 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Nyumba zilizobaki zilikuwa zimejaa, na mji haukuwa na hospitali hata moja. Majeruhi walilazwa katika ukumbi wa dansi, kwenye magodoro sakafuni. Mzee Mayo akapewa usimamizi wa ukumbi ule, na usiku wa kwanza akagundua kinachokosekana. Dawa zilikuwapo, madaktari walikuwapo. Hakukuwa na wauguzi. Watu wa kujitolea walikuja na kuondoka, kila mmoja na shughuli zake, na mgonjwa akiomba maji usiku wa manane hakupata wa kumjibu.

Akapeleka ujumbe kwa Mama Alfred. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Luxembourg, alianzisha shirika la Masista Wafransisko wa Rochester mwaka 1877 kwa ajili ya shule. Masista wake walijua kufundisha hesabu na muziki. Vidonda hawakuwa wamevizoea. Walikuja hata hivyo. Waliosha majeraha, wakabadilisha vitambaa, wakakesha. Majeruhi walipopona na ukumbi kurudishiwa dansi zake, Mama Alfred alikuwa ameona jambo ambalo daktari hakuliona: kwamba ukumbi ule ulikuwa tayari hospitali. Hapo ndipo alipokwenda kumwomba, na hapo ndipo mzee alipokataa.

Lakini mzee akikubali jambo hakulifanya nusu nusu. Alizunguka na William kwenye hospitali za mashariki kutazama majengo, vyumba vya upasuaji, hata namna maji yanavyopita. Matatizo hayakukosekana. Mzee hakuwa Mkatoliki, na wapo Waprotestanti waliosema hawatalala chini ya msalaba wa masista. Wapo Wakatoliki walioona daktari wa namna ile asikabidhiwe nyumba ya Kanisa. Mama Alfred na Mzee Mayo walikubaliana kwamba mgonjwa haulizwi dini yake mlangoni, wala unene wa mfuko wake.

Tarehe 30 Septemba 1889, siku moja kabla ya ufunguzi rasmi, upasuaji wa kwanza ulifanywa: saratani ya jicho. Kisu alikishika Charles, aliyehitimu mwaka mmoja tu uliopita. William alimsaidia. Baba yao, meya wa zamani, rais wa zamani wa chama cha madaktari, alisimama kichwani pa mgonjwa akishughulika na nusukaputi, kazi ambayo siku zile iliachiwa mdogo kuliko wote chumbani.

Sista na kitovu

Hospitali ndogo hiyo ingeweza kubaki hospitali ndogo. Iliyoikuza ni sifa ya usalama. Ndugu wa Mayo walishika mafundisho mapya ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki, na masista wakayatekeleza kwa nidhamu ya watu waliozoea kengele ya alfajiri. Edith Graham, muuguzi mwenye mafunzo, aliwafundisha masista uuguzi na kutoa nusukaputi hadi alipoolewa na Charles mwaka 1893. Aliyemrithi, Alice Magaw, aliripoti mwaka 1906 kwamba ametoa nusukaputi zaidi ya mara 14,000 bila mgonjwa kufa kwa ajili yake. Hakuwa daktari. Madaktari walikuja kutoka mbali kusimama nyuma yake na kutazama anavyodondosha etha tone kwa tone huku akimsemesha mgonjwa kwa sauti ya chini.

Novemba 1889 alifika Sista Mary Joseph Dempsey, mwalimu aliyegeuzwa muuguzi kwa utii. Mwaka 1892 akawa mkuu wa hospitali, na katika chumba cha upasuaji akawa msaidizi wa kwanza wa William. Yeye ndiye aliyesafisha tumbo la mgonjwa kabla ya kupasuliwa, na katika kusafisha, vidole vyake vikaona kitu. Wagonjwa wengine walikuwa na kinundu kigumu kitovuni, kama kifungo cha suruali. Kila kilipokuwapo kinundu hicho, tumbo lilipofunguliwa ilikutwa saratani imekwisha kusambaa. Alimwambia daktari. Daktari angeweza kucheka. Sista hakusomea udaktari. William alisikiliza, akaandika kuhusu dalili hiyo mwaka 1928 pasipo kumtaja aliyeigundua. Mwaka 1949 tabibu Mwingereza Hamilton Bailey alirekebisha kosa hilo katika kitabu chake, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari hujifunza kinundu cha Sista Mary Joseph. Ni vigumu kupata dalili nyingine ya kitabibu inayobeba jina la mtawa muuguzi.

Faili moja

Mzee alistaafu mwaka 1892, lakini hakukaa kimya. Alisafiri, akafanya majaribio shambani, akagombana na wanasiasa. Mwaka 1910, akiwa na miaka 91, mkono wake ulinaswa na mashine aliyokuwa akijaribu kukamulia alkoholi kutoka kwenye masalia ya shambani. Ikabidi ukatwe. Alifariki tarehe 6 Machi 1911. Wanawe walizoea kusema kwamba baba aliwafundisha kuwa hakuna aliye mkubwa kiasi cha kutowahitaji wengine. Waswahili tungesema kidole kimoja hakivunji chawa.

Fundisho hilo lilipewa umbo na daktari mwingine. Henry Plummer, aliyejiunga nao mwaka 1901, alikuta kila daktari akiandika habari za wagonjwa katika daftari lake mwenyewe. Mgonjwa aliyeonwa na madaktari watatu alikuwa watu watatu, katika vitabu vitatu, kwenye makabati matatu. Mwaka 1907 Plummer alianzisha utaratibu ambao leo tunauona wa kawaida hata tukasahau kwamba kuna aliyeubuni: mgonjwa apewe namba moja, faili moja, na kila anayemtibu aandike humo. Akaja mpasuaji, akaja wa maabara, akaja wa moyo, karatasi zikafuatana. Daktari hakuweza tena kuficha makosa yake daftarini, wala kumnyima mwenzake alichokiona.

Jengo lililojengwa kwa ajili ya kazi hiyo ya pamoja lilifunguliwa Machi 1914, mahali palipokuwa na nyumba ya familia ya Mayo. Mwaka uliofuata wakazi wa Rochester walimsimamishia mzee sanamu katika bustani ya mji. Mwaka 1919 ndugu hao wawili walikabidhi mali ya kliniki kwa shirika lisilo la faida, na wao na madaktari wenzao wakabaki kuwa watu wa mshahara. Mwaka 1950 wawili wa taasisi hiyo, Edward Kendall na Philip Hench, walishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kotisoni.

Mwaka 1939 kizazi cha kwanza kilimalizika. Sista Mary Joseph, aliyekuwa mkuu wa St. Marys kwa miaka 47, alifariki Machi. Charles alimfuata Mei, na William Julai.

Likabaki deni moja la zamani kuliko hospitali yenyewe. Mabaki ya Marpiya te najin yalirudishwa kwa watu wake mwishoni mwa karne ya 20, yakazikwa. Mwaka 2018 Mayo Clinic iliomba radhi rasmi kwa taifa la Dakota wa Santee, huko Nebraska, na kutenga ufadhili wa masomo ya afya, kwa jina la marehemu huyo, kwa wanafunzi wa jamii za wenyeji wa Marekani. Mzee Mayo alimwomba mkewe nyumba, akamwomba sista wauguzi, akawaomba mabingwa wa mashariki wamwonyeshe kazi zao, na wote walimpa. Mwalimu wa kwanza wa wanawe hakuombwa. Ilichukua miaka 156 jina lake kuandikwa panapostahili, katika orodha ya wale ambao bila wao taasisi hii isingekuwapo.